Kijana akianza kazi Kampala: nyumbani apeleke kiasi gani, na marafiki asiwapoteze vipi?

Mlezi_Namatala aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna kikao cha vijana hapa Mbale, wengi wao wa miaka 19 hadi 25. Wengine wametoka S6 (kidato cha sita), wengine chuo, na karibu nusu yao wanaelekea Kampala au wameshapata kazi huko. Mawaidha ya jumla wameyasikia mpaka yamewachosha: fanya bidii, heshimu wazazi, chagua marafiki wema. Safari hii nataka waondoke na kitu cha kushika.

Kinachonisumbua ni hiki. Huku Bugisu kijana akipita imbalu, yaani tohara yetu, ule mwaka wa namba shufwa, anahesabiwa mwanamume. Zamani hilo lilikuja na vitu vyake: alipewa kipande cha shamba, akajenga, akaoa, na majirani wake walikuwa ndugu zake. Leo shamba la kahawa limegawanywa vizazi vitatu, kimebaki kipande ambacho mbuzi wawili wanakimaliza kwa asubuhi moja. Kijana wa miaka 27 anapanga chumba kimoja Kampala, lakini kipimo anachopimwa nacho ni kile kile cha babu yake. Naye anaona aibu, anapunguza kupiga simu, halafu nyumbani wanasema mji umemharibu.

Naomba majibu ya mambo matatu: mshahara wa kwanza na watu wa nyumbani, marafiki wanaopotea baada ya shule, na hili la kuulizwa "utatuletea mgeni lini?", yaani mchumba. Mfano wa mshahara uwe shilingi 600,000 kwa mwezi, ndiyo namba ninayoisikia sana midomoni mwao. Tafadhali nipeni hesabu.

---

Karani_wa_Mishahara alijibu:

Mlezi, nianze na namba, maana ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia kwenye namba iliyotajwa vibaya.

600,000 ni mshahara kabla ya makato. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakwenda hivi: 235,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, ambayo ni 10,000. Kutoka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20, ambayo ni 15,000. Kinachozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. Hapa kimezidi kwa 190,000, basi ni 57,000. Jumla 82,000. Weka NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi, asilimia 5, ambayo ni 30,000. Zinazofika mkononi ni 488,000. (Asilimia 10 ya NSSF anayotoa mwajiri ni juu yake, haipunguzi mshahara. Na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata duka lenye mfanyakazi mmoja linatakiwa kuchangia, kwa hiyo kijana asikubali kuambiwa "sisi ni wadogo". Aulize namba yake ya uanachama na aangalie kila mwezi kama imeingia.)

Sasa toeni matumizi ya mfano, kila mtu abadilishe kwa mtaa wake: chumba 150,000, nauli 4,000 kwa siku 26, ni 104,000, chakula 5,000 kwa siku, ni 150,000, umeme, maji, sabuni na simu 34,000. Hiyo ni 438,000. Kimebaki 50,000.

Hapo ndipo mambo yanapokatikia. Baba amesikia "laki sita". Kichwani mwake kuna laki sita nzima, na akiletewa 30,000 anaona ameletewa ukoko wa chungu. Kijana hajadanganya, ila ametaja namba isiyo yake. Mwambieni kila kijana: usitaje mshahara ghafi kwa mtu yeyote, taja kinachofika mkononi. Na kwa wazazi, onyesha karatasi yenyewe ya mshahara, mstari kwa mstari. Mzazi aliyeiona 82,000 ya PAYE kwa macho yake hukasirikia kodi badala ya mwanawe.

Pili, kiasi na tarehe vitajwe kabla ya mshahara wa kwanza kutoka. Nasisitiza kabla. Ukingoja uulizwe utajibu "nitaona", na kwa mzazi "nitaona" ni "ndiyo". Kwa hesabu hii mimi ningeweka 30,000 kwa nyumbani na 20,000 kwa dharura. Tarehe iwe siku mbili au tatu baada ya mshahara, kwa sababu mishahara huchelewa, na ahadi ikivunjwa mwezi wa kwanza inakuwa vigumu kuaminika mwezi wa pili. Utumapo, weka na ya kutolea. Mama akipokea 30,000 kamili akakatwa ada ya wakala, na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu iliyokuja 2018, hapati 30,000 na kila mwezi atakumbuka hilo.

Kama nyumbani kuna mdogo anayesoma, afadhali hizo 30,000 zisitumwe kila mwezi. Ziwekwe. Kwa mwaka ni 360,000, mihula ni mitatu, kwa hiyo kila mwanzo wa muhula kunatoka 120,000, inalipwa moja kwa moja shuleni kwa namba ya malipo ya mwanafunzi. Pesa ndogo ndogo za kila mwezi huliwa na chumvi na sukari, halafu Februari ikifika mtoto anarudishwa nyumbani na kijana anaonekana hajawahi kutoa kitu. Kwa familia ya kilimo, vivyo hivyo: 60,000 ya mbegu na mbolea mwishoni mwa Februari, kabla mvua za Machi hazijashika, ina kazi kubwa kuliko 60,000 hiyo hiyo mwezi Mei. Lakini wazazi ndio wachague: kila mwezi, au kwa muhula, au kwa msimu. Wakichagua wenyewe hawatalalamika kwa urahisi.

La mwisho, chumba. Wenye nyumba wengi huomba kodi ya miezi mitatu mbele, hapo ni 450,000 kabla ya godoro na sigiri. Ndiyo maana mshahara wa kwanza karibu wote huwa umeshaliwa kabla haujafika, na ndiyo maana desturi ya "mshahara wa kwanza ni wa wazazi" inawaumiza vijana. Isemwe mapema kwamba wa wazazi utakuwa wa nne. Sheria ya wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, basi aandike tarehe na kiasi cha kila malipo na aombe risiti. Kabla ya kulipa aulize pia mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya vyumba vingapi. Uniti 15 za mwanzo kila mwezi huuzwa kwa bei nafuu, na vyumba sita vikiwa kwenye mita moja wanagombania hizo 15. Ugomvi wa umeme umewatenganisha majirani wengi ambao wangeweza kuwa ndugu.

---

Mama_Sanduku alijibu:

Ndugu Karani amesema 20,000 za dharura. Nakubaliana na kiasi, ila mahali pa kuziweka ni muhimu kuliko kiasi chenyewe. Zikikaa kwenye simu, Ijumaa jioni hazipo.

Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mzunguko, wanawake wa Kampala wanauita nigiina. Watu 10, kila mmoja 20,000 kwa mwezi, mmoja anabeba 200,000. Hii inafaa kununua kitu: godoro, jiko la gesi, cherehani. Kwa dharura haifai, kwa sababu zamu yako ikiwa mwezi wa tisa, ugonjwa haungoji mwezi wa tisa. Ya pili ni kikundi cha sanduku, ambacho kina mikopo na mfuko wa jamii. Mtindo huo shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea vijijini na mijini kwetu. Kwa dharura chagueni sanduku.

Sanduku linakwenda hivi. Wanachama 15 hadi 25, wanaoishi karibu, wanaokutana kila wiki saa ile ile. Wanakubaliana bei ya hisa, tuseme 2,000, na kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano. Kijana wetu akinunua mbili kila wiki anaweka 4,000, kwa mwaka wa wiki 50 ana hisa 100. Sanduku lina makufuli matatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Wanaketi kwa namba. Inaitwa namba moja, anakwenda mbele, anaweka noti kwenye beseni, wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, karani anapiga muhuri kwenye kitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa, nafasi zisizotumika zinapigwa mstari. Beseni jingine ni la mfuko wa jamii, 500 kila mtu, wa msiba na ugonjwa, haurudishwi. Mikopo ni mpaka mara tatu ya akiba ya mtu, inalipwa ndani ya miezi mitatu.

Mwisho wa mwaka ni mgao. Watu 20 wenye hisa 100 kila mmoja wana hisa 2,000, ni 4,000,000. Kama riba ya mikopo imeleta 600,000, sanduku lina 4,600,000, na kila hisa sasa ni 2,300. Kila mmoja anaondoka na 230,000 na vitabu vinaanza upya.

Yanayoharibu nayajua yote kwa sura. Kutuma pesa kwa simu ya mweka hazina kwa sababu "leo sina nafasi": mara tatu ya hivyo na sanduku limeshahamia kwenye simu ya mtu mmoja. Kutoa mikopo mwezi wa mwisho: siku ya mgao pesa ziko nje na watu wanagombana na karatasi. Kuruka mgao ili "tukuze mfuko": mfuko ukikua kupita uwezo wa wahesabuji, hakuna ajuaye kilichomo. Na kukopesha mtu mmoja nusu ya sanduku kwa kuwa anaongea vizuri.

Kwa mzunguko wa simu, ambao unawafaa waliosoma pamoja na sasa wametawanyika, angalieni mambo mawili tu. Kila mtu amtumie mpokeaji wa mwezi moja kwa moja, msipitishe kwa katibu, maana mkipitisha mnalipa ada ya kutuma mara mbili. Na zamu za mwanzo zisipangwe kwa kura peke yake. Anayebeba mwezi wa kwanza na wa pili awe na mdhamini ndani ya kikundi. Mgeni abebe mwishoni. Mtu anayetoroka karibu kila mara ni yule aliyebeba mapema, na anatoroka kwa aibu ya mwezi mmoja aliokosa, halafu anaona haya kurudi. Kwa hiyo andikeni tangu mwanzo: aliyekwama anaruhusiwa kusogeza mwezi mmoja, mara moja, akisema kabla ya tarehe. Mstari huo mmoja unaokoa urafiki kuliko faini yoyote.

---

Mzee_Bombo alijibu:

Wanangu, mahesabu yenu ni mazuri, na ndugu Karani nakushukuru kwa ile ya karatasi ya mshahara. Lakini mmezungumza kana kwamba nyumbani wanangoja pesa peke yake. Hapana. Nyumbani wanahesabu miguu.

Kwetu Uganda mtu anajulikana kwenye mazishi. Hata Kampala, mfanyakazi mwenzako akifiwa, unaulizwa ulikwenda kuzika au ulituma mabugo. Mabugo zamani yalikuwa nguo za gome la mti wa mutuba za kumfunikia marehemu. Sasa ni pesa, na zinaandikwa. Pale karibu na hema kuna meza, daftari la mistari limefunguliwa katikati, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila anayetoa anaandikwa jina, anakotoka na kiasi. Daftari hilo familia hukaa nalo miaka. Siku ya msiba wako linafunguliwa.

Kwa hiyo kijana asingoje msiba ndipo aanze kufikiri. Aandike mapema majina ya watu ambao wakiondoka lazima asafiri: wazazi, babu na bibi, ndugu wa tumbo moja, wajomba na mashangazi waliomlea, rafiki wa damu. Hawazidi 15 kwa kawaida. Wengine wote atatuma. Anayetuma atume kabla ya mazishi, ampelekee mtu aliye pale mwenyewe, na aandike ujumbe wenye jina lake kamili na jina la baba yake, ili liingie kwenye daftari. Pesa iliyofika bila jina imepotea. Kiasi si kitu: 5,000 yenye jina inakaa kwenye kumbukumbu.

Na simu. Siku ya kupiga simu isiwe siku ya kutuma pesa. Zikiwa siku moja kila mara, mazungumzo yote yanakuwa ya pesa, na mwezi ambao huna unaogopa kupiga. Chagua Jumapili jioni, dakika kumi, sauti si ujumbe wa kuandika. Uliza kitu chenye jina: goti la mama limekuwaje baada ya ile dawa, ng'ombe ameshazaa, jirani amemaliza ukuta? "Habari za huko" inajibiwa "nzuri" na simu inakatika.

Kwenda nyumbani, msingoje Desemba. Nauli za mabasi hupanda wiki ya Krismasi, nyumba imejaa, na wazee hawapati nafasi ya kuongea nawe. Wikendi moja ya Julai ukiwa peke yako inazidi wiki nzima ya Desemba.

---

Mlezi_Namatala aliandika:

Mzee, shikamoo, na ahsante sana. Hilo la simu na pesa kutenganishwa nitaliweka mwanzo kabisa. Mama Sanduku, nitaomba mmoja wa vikundi vya hapa aje na sanduku lenyewe, vijana waone makufuli.

Bado sijapata jibu la marafiki. Vijana wananiambia: "Shuleni tulikuwa kama ndugu, mwaka mmoja tu Kampala na hatujuani." Wanadhani wao ni wabaya, au wenzao wamejivuna.

---

Msomaji_Gulu alijibu:

Mlezi, waambie si ubaya, ni saa. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Jeffrey Hall, katika utafiti uliotoka mwaka 2018 alichunguza watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wapya, akahesabu saa. Mtu mnayejuana tu kuwa rafiki wa juu juu kulihitaji kama saa 50 za kuwa pamoja. Kuwa rafiki, kama 90. Rafiki wa karibu, zaidi ya 200. Na saa za kukaa kazini bega kwa bega hazikuhesabika sawasawa na saa za kula, kucheza na kuzungumza.

Sasa pigeni hesabu ya bweni. Mnalala chumba kimoja, mnakula foleni moja, mnafua pamoja Jumamosi. Tuseme saa 10 za macho kwa siku: siku 20 zimetimia 200. Muhula wa kwanza haujafika katikati na mna ndugu. Kampala mtu mnayeonana naye saa mbili kwa wiki, 200 zinataka wiki 100, karibu miaka miwili. Kijana anamaliza miezi minne mjini, hana rafiki wa karibu, anadhani ana kasoro. Hana. Amefikisha saa 34.

Kutokana na hapo kuna kazi mbili. Marafiki wapya watafutwe mahali ambapo saa hujirudia zenyewe bila kupangwa upya: kwaya, timu ya mpira ya mtaa, darsa la msikitini, hilo sanduku la kila wiki. Kukutana "siku moja tupate chai" hakujengi kitu kwa sababu kila mara mnaanza kupanga upya. Na marafiki wa shule wasishikwe wote 40. Robin Dunbar wa Oxford ameandika kwamba duara la ndani kabisa la mtu huwa kama watu watano, na linalofuata kama 15. Achague watano. Wengine wabaki kwenye kikundi cha WhatsApp, na hilo si kosa.

Kinachoua mikutano ya marafiki mjini ni bei. Wanakutana kwenye mgahawa, mmoja hana, anasema yuko bize, mara mbili, mara tatu, halafu anajitoa kwenye kikundi. Hakuna aliyemkosea. Dawa ni kukutana chumbani kwa mtu kwa zamu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, bila kuuliza "nani anakuja". Watu sita: unga wa posho (ugali) kilo moja na nusu, maharage kilo moja yaliyolowekwa tangu usiku (yakilowekwa makaa yanapungua sana), vitunguu, nyanya, mafuta kidogo. Mwenye chumba anatoa sigiri na makaa, wengine wanagawana chakula. Aliyekwama mwezi huo analeta chumvi. Anayekosa mara mbili, mmoja anakwenda kumwona kwake, asipigiwe simu.

---

Karani_wa_Mishahara aliandika:

Niongeze la mikopo kwa marafiki, maana ndilo linalovunja hao watano. Mkopeshe rafiki kiasi ambacho ukikikosa hutakosa kodi ya nyumba. Andikeni ujumbe wa mstari mmoja: kiasi, tarehe. Na msikubali namba yenu itumike kama mdhamini kwenye programu za mikopo ya simu; akichelewa mnaanza kupigiwa simu ninyi. Mkopeshaji akitaka kushika kitambulisho cha taifa au kadi ya benki, sheria ya mikopo midogo ya mwaka 2016 imemkataza, na mtu huyo akimbiwe.

---

Msaidizi_wa_Sheria alijibu:

Kwa swali la tatu la Mlezi, "mgeni lini".

Wazazi wengi wakiuliza hivyo wanataka kujua mambo mawili tofauti: je, una mtu, na je, tutafanya shughuli lini. Kijana akijibu la kwanza kwa ukweli, la pili linapoa. Amtafute shangazi, ssenga kwa Waganda, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyopo tayari: anachoambiwa shangazi kinawafikia wazazi kikiwa kimelainishwa. Kama shangazi yuko mbali, apigiwe. Ssenga wa kulipwa na wa redioni wanafundisha, lakini hawawezi kumsemea mtu kwa baba yake.

Kisheria vijana wajue haya. Miaka ni 18 kwa wote wawili, ni Katiba ya 1995. Kukaa pamoja, hata miaka 15 na watoto watano, si ndoa Uganda. Mmoja akifa, mwenzake anagundua hilo mbele ya shemeji zake. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili, lakini iandikishwe: ndani ya miezi sita baada ya shughuli, wote wawili waende na mashahidi wasiopungua wawili kwenye gombolola au ofisi ya mji wao, wapewe cheti. Wengi wanalipa ng'ombe, wanapiga picha 300, na cheti hawana. Na kuhusu mahari: uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Agosti 2015, kesi ya shirika la Mifumi, haukufuta mahari, ila ulisema kudai irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Mzazi anayemwambia binti "vumilia, ng'ombe wameshaliwa" hana sheria upande wake.

Upande wa gharama: ziara ya kwanza ya kujitambulisha iende na watu wachache, watano au sita, na orodha ya vitu ikubaliwe hapo kwa maandishi na pande zote mbili. Kinachowaingiza vijana kwenye madeni ni kamati ya harusi. Watu wanaahidi kwa maneno, katibu anajumlisha ahadi, tenti na ng'ombe vinakodiwa kwa ahadi hizo. Wiki mbili kabla ya siku, katibu afute ahadi zote na abaki na pesa zilizo mkononi. Shughuli ipunguzwe ilingane na hizo. Mkifanya hivyo mapema mnapunguza viti; mkichelewa mnauza pikipiki.

---

Mlezi_Namatala aliandika:

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nina ombi moja la mwisho kwa Mama Sanduku. Vijana wangu wataelewa hesabu, lakini watakwama kwenye simu ile ya kwanza kwa mama. Hawajui waanzeje bila kuonekana wana kiburi. Wape maneno yenyewe.

---

Mama_Sanduku alijibu:

Apige jioni, mama akiwa ametulia, asipige akiwa njiani. Asalimu, aulize la goti kama Mzee alivyosema, halafu aseme hivi:

"Mama, kazi nimepata, namshukuru Mungu na nakushukuru wewe. Baada ya makato nitapata 488,000. Chumba, nauli na chakula vinachukua 438,000, nikija nitakuonyesha karatasi. Miezi mitatu ya kwanza nalipa deni la chumba. Kuanzia mwezi wa nne kuna 30,000 zako. Unataka nitume kila tarehe 3, au niweke nilipe shule ya mdogo wangu kila muhula? Chagua wewe."

Halafu anyamaze. Mama akikaa kimya, naye akae kimya, asiongeze kiasi kwa kuogopa ukimya. Mama anahesabu.